Single malt na soda: niliyojifunza nyuma ya kaunta Glasgow

Watu wanaoniuliza kama inaruhusiwa kuchanganya single malt na soda huwa wameshachanganya tayari. Wanachotaka ni kusamehewa. Mimi si shehe wala padri wa jambo hili. Nilikuwa mhudumu wa kaunta tu, mtoto wa Moshi niliyekwenda Glasgow kusoma, jioni zangu nyingi zikaishia kwenye baa yenye ukuta mzima wa wiski. Ila kaunta inafundisha. Unaona mtu anachoagiza, unaona uso anaoukunja akionja, na mwisho unaona glasi inavyorudi: tupu, au nusu, barafu imeyeyuka na mwenyewe ameshaondoka.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Wiski ya Scotland iliyoandikwa single malt imetokana na kimea cha shayiri peke yake, imepikwa katika kiwanda kimoja kwa mitungi ya shaba, kisha imelazwa ndani ya pipa la mwaloni huko huko Scotland kwa miaka isiyopungua 3. Kwetu Uchagani kimea si kitu kigeni, maana mbege haitoki bila kimea cha ulezi. Nilipoingia mara ya kwanza kwenye kiwanda cha Auchentoshan, nje kidogo ya Glasgow, mwongozaji alikuwa akihangaika kuwaeleza wageni nafaka iliyochipushwa inanukaje, na mimi nikawa nacheka kimoyomoyo.

Zile chupa tulizokulia tukiziona kwenye harusi, Johnnie Walker na ndugu zake, ni kitu kingine. Ni wiski za kimea kutoka viwanda kadhaa, zikatiwa pamoja na wiski ya nafaka kama ngano au mahindi, ambayo ni nyepesi na hutengenezwa kwa gharama ndogo. Na hapa ndipo hoja ya wale wanaotetea usafi wa single malt inapoanza kupwaya. Nenda kisiwa cha Islay, kwenye kiwanda cha Caol Ila. Sehemu kubwa ya wiski inayotoka pale haiuzwi kwa jina lake, inakwenda kuchanganywa. Yaani kimiminika kile kile, kikiwa ndani ya chupa ya Caol Ila, ni dhambi kukigusa, lakini kikitiwa kwenye pipa kubwa na wiski nyingine ishirini, hapo mtu anaruhusiwa kukimiminia soda bila kuulizwa. Hilo halijawahi kuniingia akilini.

Sheria yenyewe haimhusu mnywaji. Kanuni za Scotch Whisky za mwaka 2009 zinambana mtengenezaji: asiongeze kitu chochote zaidi ya maji na rangi ya sukari iliyounguzwa, na kilevi kisishuke chini ya asilimia 40. Akitia asali au tangawizi kiwandani, hana ruhusa tena ya kuiita Scotch. Ukishaifungua chupa nyumbani kwako, serikali imemaliza kazi yake.

Na desturi nayo si ya kale kama inavyosimuliwa. Waskoti walikuwa wakinywa toddy, wiski na maji ya moto na sukari, muda mrefu kabla hajazaliwa mtu wa kuwakataza. Wana pia kinywaji cha zamani sana kiitwacho Atholl Brose, ambamo wiski huchanganywa na asali na maji yaliyolowekwa nafaka ya oti, wengine wakaongeza krimu. Single malt kama bidhaa ya kujivunia duniani ni mambo ya juzi: ni mwaka 1963 ndipo kampuni ya William Grant & Sons ilipoanza kuisukuma Glenfiddich kwa nguvu katika masoko ya nje ya Scotland kwa jina hilo. Kabla ya hapo, mtu wa London aliyekunywa wiski, kwa kawaida alikunywa ya mchanganyiko, tena na maji ya gesi. Hata hayo maji ya gesi yana historia yake. Mabwana wa Uingereza walikuwa wakinywa brandi ya Ufaransa na soda; mdudu wa filoksera akaanza kuteketeza mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1860, brandi ikaadimika, soda ikabaki inatafuta mwenzi, na wiski ikaingia.

Basi, tuje kwenye glasi.

Kitu cha kwanza kuchanganywa na single malt ni maji, na hapo hata wale wakali hawabishi. Pale Glasgow jagi dogo la maji lilikaa kaunta muda wote, bila malipo. Bosi alinifundisha sheria moja akairudia mpaka ikanikaa: maji humiminwa na mnywaji mwenyewe. Mhudumu anasogeza jagi, basi. Niliona ni adabu tu, baadaye nikaelewa kwamba kuna sababu zaidi, kwa kuwa chupa zinatofautiana sana. Glenfiddich ya miaka 12 inakuja na asilimia 40, imeshashushwa kwa maji kiwandani. Lakini kuna zile zinazotiwa chupani kama zilivyotoka kwenye pipa, zenye asilimia 55 mpaka 60 hivi. Hiyo ukiinywa kavu, ulimi unakufa ganzi na pesa yako imekwenda. Toti ya mililita 25 yenye asilimia 58, ukiiongezea vijiko viwili vya chai vya maji, inashuka mpaka karibu asilimia 41, na hapo ndipo inaanza kuongea.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus kule Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walichapisha kazi iliyonifurahisha kwa sababu ilieleza nilichokuwa nakiona kila jioni. Walitumia kompyuta kuiga mchanganyiko wa maji, pombe na gwayakoli, ambayo ni moja ya molekuli zinazoipa wiski harufu ya moshi. Kilevi kikiwa asilimia 45 au chini, gwayakoli inapanda na kukaa karibu na uso wa kinywaji, pale pua inapokutana nacho. Kikizidi asilimia 59, molekuli za pombe zinaizingira na kuizamisha. Kwa hiyo yule mzee anayedondosha maji kwa ncha ya kijiko hafanyi mbwembwe. Anaipandisha harufu juu.

Barafu inakwenda kinyume. Ubaridi unafungia harufu, na unakuza uchungu wa mbao za pipa. Halafu kuna jambo la ukungu: wiski ambayo haikuchujwa ikiwa baridi kiwandani, nyingi zikiwa za asilimia 46 na kuendelea, ukiitia barafu inafifia rangi, inakuwa kama ina moshi ndani. Ni mafuta asilia yanagandamana. Wateja walikuwa wakirudisha glasi wakidai nimewapa kitu kibovu. Nilikuwa nawaonyesha chupa na kuwaeleza, wengine wakaelewa, wengine nikawabadilishia tu ili amani iwepo. Barafu yenyewe siichukii. Naitaka iwe nyingi na kubwa, au isiwepo kabisa. Vipande viwili vidogo vinavyoogelea ndiyo hali mbaya kuliko zote, maana vinaipoza kwanza na kuichakachua baadaye.

Glasgow wana namna nyingine ambayo sikuitarajia: hawachanganyi ndani ya glasi, wanachanganya tumboni. Nusu painti ya bia na toti ya wiski, glasi mbili, unakunywa hii kidogo na ile kidogo. Wazee waliofanya kazi kwenye viwanda vya meli mtoni Clyde walikuwa hawaagizi kingine. Kwao ilikuwa wiski ya mchanganyiko ya bei ya kawaida, lakini nimejaribu na za kimea, na bia nyeusi pembeni ya wiski iliyolala kwenye pipa lililowahi kuhifadhi sheri, divai kali ya Hispania, ni jambo la kuheshimika. Faida yake ni kwamba unabaki na uhuru: ikiwa haikupendezi, hujaiharibu.

Sasa sukari. Hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo, na hapa ndipo msimamo wangu unatofautiana na wa wengi. Wengi wanaamini kwamba wiski yenye tabia kali, hasa zile za Islay zenye moshi, ndizo zisizoguswa, na kwamba nyepesi za Speyside, eneo la mto Spey kaskazini mwa Scotland, ndizo za kuchanganya. Nilivyoona mimi kaunta ni kinyume chake, pale sukari inapoingia. Kopo la cola la mililita 330 lina gramu 35 za sukari, lina uchachu wa asidi ya fosfori, lina vanila, mdalasini na maganda ya machungwa. Ukilimiminia Glenlivet ya miaka 12, ambayo uzuri wake wote ni tufaha, nanasi na harufu ya maua, hutaipata tena. Umelipa bei ya single malt ukanywa cola iliyochangamka. Lakini mimina Lagavulin ya Islay, ya miaka 16, na uone. Shayiri yake ilikaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo wa kinamasi uliokatwa vipande na kukaushwa kama kuni, na moshi huo hausogei. Unakutana na ladha ya sukari iliyoungua ya cola, na vyote viwili vinaishia mahali pamoja, kama nyama choma iliyopakwa kitu kitamu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anaagiza hivyo kila Ijumaa, na kila Ijumaa alikuwapo mtu wa kuguna pembeni yake.

Siku moja nilimuuliza, "Mzee, hawakusumbui hawa?"

Akajibu, "Kijana, mimi ndiye ninayelipa. Wao wanalipia kuguna?"

Wahudumu wa baa wengi wanakijua kinywaji hicho. Kina hata jina lake la utani. Kipimo ninachokipenda ni wiski moja kwa cola mbili, glasi imejaa barafu, na kipande cha limau kimebanwa. Zaidi ya cola mbili, hata Lagavulin inachoka. Laphroaig inafaa pia, kwa anayevumilia harufu yake ya Dettol na mwani. Ardbeg ya miaka 10 inakuja na asilimia 46, hivyo inahimili zaidi. Talisker kutoka kisiwa cha Skye, yenye chumvi kidogo na ukali wa pilipili manga mwishoni, kwa cola naiona inapotea njia, lakini subiri tufike kwenye tangawizi.

Irn-Bru sitasema mengi. Ni soda ya rangi ya machungwa ambayo Waskoti wamekuwa nayo tangu 1901 na wanaipenda kama dini. Imezika kila wiski niliyoiona ikimiminwa humo.

Maji ya gesi yasiyo na sukari ni habari tofauti kabisa, na hapo zile nyepesi ndizo zinazoshinda. Gesi inarusha harufu juu na hakuna utamu wa kuifunika. Wajapani wamelifanya hili kuwa kazi ya ufundi: glasi ndefu imejaa barafu mpaka mdomoni, wiski sehemu moja, maji ya gesi ya baridi sehemu tatu au nne yakimiminwa taratibu, kukoroga mara moja tu ili mapovu yasife. Auchentoshan, ambayo hupikwa mara tatu wakati karibu viwanda vingine vyote vya Scotland hupika mara mbili, kwenye glasi ya namna hiyo inakuwa kinywaji cha mchana wa joto. Glenmorangie pia. Watengenezaji wenyewe wameshalikubali soko: William Grant & Sons walileta Monkey Shoulder mwaka 2005, ambayo ni mchanganyiko wa wiski za kimea tupu, wakasema wazi kwamba imeundwa kwa kuchanganywa, na Glenmorangie wakaja na chupa yao waliyoiita X mwaka 2021 kwa nia hiyo hiyo. Hiyo X ni single malt kamili. Kama kiwanda chenyewe kinakuambia changanya, yule anayeguna pale kaunta anamtetea nani?

Tangawizi nimeiacha makusudi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na moyo wangu. Waskoti wanayo yao: divai ya tangawizi, tamu na yenye kuwasha, wanaitia kwenye wiski na kuiita Whisky Mac, dawa ya mwezi wa Januari wakati upepo wa mtoni unapenya mpaka kwenye mifupa. Divai hiyo haina gesi, na kidogo tu inatosha, sehemu moja kwa mbili za wiski au hata pungufu. Nilipoionja nikawaza papo hapo Stoney.

Kwa wasomaji walio mbali na nyumbani: Stoney Tangawizi ni soda yetu, ina muwasho wa kweli, si kama zile za Ulaya ambazo tangawizi imepita tu kusalimia. Muwasho huo unakamata kooni mahali pale pale pilipili manga ya Talisker inapokamata. Desemba moja nilirudi Moshi kama Wachaga wote, na kwenye begi nilikuwa na chupa mbili, Talisker ya miaka 10 na Macallan iliyolala kwenye mapipa ya sheri. Baba mdogo aliipokea Macallan kwa mikono miwili, akaisoma lebo mpaka nyuma, kisha akafungua Stoney kwa meno.

"Baba mdogo," nikamwambia, "hiyo ionje kwanza yenyewe. Stoney tumpe huyu mwingine."

"Kwani huyu ana nini?"

"Huyu ana zabibu kavu na mdalasini. Ukimtia tangawizi hutamsikia."

Akanitazama kama nimemwambia ng'ombe anaongea. Lakini akaonja, akanyamaza, akaonja tena, halafu akaomba maji. Talisker tuliipeleka kwenye Stoney, moja kwa mbili na nusu, barafu nyingi, ndimu imekamuliwa, na ndafu ilikuwa inakatwa uani. Moshi wa wiski na moshi wa mbuzi vilipatana bila kuhitaji mtu wa kuwatambulisha. Shangazi, ambaye hanywi kitu kikali, alichukua glasi ya mtu akijua ni soda na hakuirudisha.

Hilo la shangazi ni la kuchekesha lakini lina upande wake. Toti ya mililita 25 yenye asilimia 40 ina mililita 10 za pombe halisi, na hizo mililita 10 hazipungui kwa kuwa umezificha ndani ya soda. Kinywaji kitamu kinanyweka haraka. Kaunta niliona watu waliokuwa wakikaa na toti moja ya kavu saa nzima, lakini ukiwapa ile ile na tangawizi wanamaliza kabla sijafuta meza. Kwa hiyo kama unachanganya kwa ajili ya wageni, pima. Usikadirie kwa macho, na usimwachie mjomba chupa.

Kuna na jambo la chupa bandia. Nyumbani, ambako single malt halali ina bei ya kutisha, chupa tupu zina wanunuzi wake, na kinachorudishwa ndani huwezi kujua ni nini. Soda ni rafiki mkubwa wa muuzaji wa namna hiyo. Hata kama unataka kuchanganya, onja kwanza matone mawili makavu kutoka kila chupa mpya. Mimi hufanya hivyo hata ugenini kwa watu, na nimeshaitwa mbishi.

Madafu niliyajaribu Dar, nikiwa njiani kurudi. Wazo si langu. Visiwa vya Karibiani na kaskazini mashariki mwa Brazili wananywa wiski na maji ya dafu tangu zamani, kwao ni jambo la kila siku ufukweni. Nilinunua mawili kwa muuza madafu wa baiskeli, nikayapoza kwenye friji. Dafu lina chumvi ya mbali na utamu usio na kelele, na linafaa zaidi kwa wiski iliyolala kwenye mapipa yaliyowahi kuhifadhi bourbon, wiski ya Marekani, kwa kuwa mapipa hayo yanaacha vanila na harufu inayokaribiana na nazi yenyewe. Wamarekani sheria yao inawataka watumie pipa jipya la mwaloni kila mara, hivyo yale yaliyotumika yanauzwa, na mengi yanavuka bahari kwenda Scotland. Sehemu moja kwa tatu za dafu, bila barafu kama dafu limeshapoa. Kwa joto la Dar, sijui kingine kinachokaribia. Nimeshangaa tu kwamba hoteli za pwani yetu haziliweki kwenye orodha zao, wakati mnazi uko dirishani.

Kokteli nazigusia kwa sababu pale Glasgow ndizo zilizonipa mshahara mzuri wa bahashishi. Rob Roy ndiyo ya zamani: ilizaliwa New York katika hoteli ya Waldorf mwaka 1894, wiski sehemu mbili, vermuti tamu sehemu moja, na matone ya Angostura, kiungo kichungu cha mitishamba. Hapa wiski ya pipa la sheri inakubali, kwa sababu vermuti ni divai na sheri ni divai, wanajuana. Lakini niliyoipenda zaidi ni Penicillin, aliyoibuni Sam Ross kwenye baa ya Milk & Honey, New York, mwaka 2005. Unachukua mililita 60 za wiski ya mchanganyiko ya kawaida, mililita 20 hivi za limau, na kiasi hicho hicho cha asali iliyochemshwa na tangawizi, unatikisa na barafu, unamimina. Kisha, juu kabisa, bila kukoroga, unadondosha kijiko kidogo cha wiski ya Islay yenye moshi.

Niliitengeneza mara nyingi mno kabla ya kuelewa ujanja wake. Pua inakutana na moshi wa gharama kubwa, mdomo unakutana na limau na asali, na kazi nzito ya kujaza glasi imefanywa na chupa ya bei nafuu. Ile single malt haikuzamishwa mahali ambapo ingelazimika kushindana na sukari. Imewekwa juu, pale inapofanya kazi yake vizuri zaidi. Tangu hapo hata nyumbani nikitaka kunywa tangawizi na wiski ya kawaida, natia matone ya Laphroaig juu mwishoni. Chupa moja inanikalia muda mrefu ajabu.

Kuna zile ambazo sichanganyi, na sababu yangu haina utakatifu wowote. Wiski iliyokaa kwenye pipa miaka 18 au 25 imepoteza sehemu yake kila mwaka kwa kuvukia hewani, karibu asilimia 2 kwa mwaka, na unalipia hata ile iliyopotea. Kilichobaki ni mambo madogo madogo: ngozi, tumbaku, machungwa yaliyokauka, nta. Soda haitofautishi. Ukimiminia cola chupa ya miaka 25 na ya miaka 10 za kiwanda kimoja, nikakuletea ukiwa umefumba macho, nina uhakika kiasi cha kuweka dau kwamba utachagua ya miaka 10, maana ina nguvu zaidi ya kujitokeza. Walikuja vijana wenye pesa wakaagiza Macallan ya miaka 18 na Coke. Bosi hakunikataza kuwauzia, alinionyesha tu namna ya kuwahudumia. Toti kwenye glasi yake ndogo, soda kwenye chupa yake, imefunguliwa, glasi nyingine yenye barafu pembeni, vyote kwenye trei moja. Unaweka mezani unaondoka. Wengi, wakishaiona wiski peke yake kwenye glasi safi, wananusa, wanaonja, halafu cola inanyweka kama cola. Wachache wanamimina palepale, na hao pia walikuwa wateja wazuri.

Baba mdogo sasa ana utaratibu wake. Kabla ya chakula, Stoney na Talisker, na hataki nimpimie kwa sababu anasema mkono wake ni mzani. Baada ya chakula, Macallan na maji kidogo, anajidondoshea mwenyewe kwa kijiko cha sukari. Ameniagiza Lagavulin Desemba hii kwa sababu nilimsimulia habari ya cola, na nimemwambia kwamba Lagavulin naileta, ila kreti ya soda atanunua yeye.